Namna ya kusonga mbele katika mchezo wa eshe



Tangu mwanzo wa mwaka wa masomo wengi wananisimamisha njiani, kwenye bomba la maji ao kwenye mlango wa chumba cha kulia, wananiuliza: Kapita, tufanye namna gani kusudi tujue vizuri mchezo wa eshe? Niliahidi kuandika katika gazeti letu, kisha nikachelewa. Si juu ya masomo tu, ingawa sisi wa mwaka wa sita tuko karibu na mtihani wa Taifa. Sababu ya kweli ni aibu. Niliona kwamba kama nitaandika, sharti niandike pia habari ya mchezo niliopoteza mbele ya macho yenu, na ginsi nilivyofanya nyuma yake. Wengi walikuwa pale. Wale wasiokuwa pale walisikia, na wengine waliongeza chumvi. Basi nianze na hiyo.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua, kwenye baraza la maktaba. Nilicheza na dada mmoja wa mwaka wa pili. Sitaandika jina lake, yeye mwenyewe aliniomba nisiandike. Yeye alikuwa na weupe, mimi weusi. Watu walijaa pande zote, hata wengine walipanda juu ya benchi. Mwisho kukabaki vipande vitatu tu kwenye ubao: mfalme wangu, mfalme wake, na askari wake mmoja. Askari mmoja! Nikasema moyoni: hapa hakuna hatari, nitamzuia tu na mchezo utaisha pasipo mshindi. Akasogeza askari wake. Mimi nikarudi nyuma kidogo, kando. Yeye hakufikiri hata nusu dakika. Hatua nne tu, na yule askari amekuwa malkia.

Watu wakapiga kelele. Mimi nikasema: Ni bahati! Nikapiga ubao kwa mkono, vipande vikaanguka katika matope. Ndiyo, mimi kapita, ninayeandika majina ya wenye kufanya kelele wakati wa etude. Yule dada akainama, akaviokota kimoja kimoja, akasema polepole: "Yaya, si bahati. Nilikuwa nimehesabu."

Nimekwisha kumwomba msamaha yeye peke yake. Ninyi mliokuwa pale nawaomba hapa. Farasi mmoja mweusi hakuonekana tena tangu siku ile, ndiyo maana mnaona kifuniko cha chupa pahali pake.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe.

Siku ya pili nilikwenda kumwona mwalimu wetu wa matematike, ambaye anacheza vizuri kuliko sisi sote. Nilitaka anifundishe hila kubwa za kushinda. Akaniuliza: "Ule mchezo uliandika?" Nikajibu: "Hapana, mwalimu." Akasema: "Basi utajifunza juu ya nini? Juu ya hasira yako?"

Kuandika mchezo ni kazi nyepesi, na ni jambo la kwanza ninalowaomba mfanye. Ubao uko na miraba 64. Mistari ya kwenda juu inaitwa kwa herufi, kutoka a mpaka h, kuanzia mkono wa kushoto wa mwenye weupe. Mistari ya kulala iko na hesabu kutoka 1 mpaka 8, kuanzia kwake vilevile. Kwa hiyo kila mraba una jina lake: mfalme mweupe anaanza kwenye e1, mfalme mweusi kwenye e8. (Kama mraba wa a1 si mweusi, mmegeuza ubao vibaya. Bweni la wadogo wanacheza hivyo kila siku!) Unaandika tu kipande kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha mchezo mmoja.

Niliandika michezo 12. Nilipoteza 7. Nilipoirudia pamoja na mwalimu, tuliona kwamba katika ile 7, mara 5 nilimpa mwenzangu kipande bure. Si kwamba alinishinda akili. Nilikuwa natazama shambulio langu mimi, sikuona kichaa wake anatazama mnara wangu toka mbali. Mikhail Botvinnik, Mrusi ambaye alipata kuwa bingwa wa ulimwengu katika mwaka 1948, na ambaye kazi yake ingine ilikuwa ya umeme, alishauri wachezaji jambo hilohilo: kuchunguza michezo yao wenyewe kwa ukali na kutafuta ni kosa gani linarudirudi. Mimi kosa langu nimelipata. Ninyi tafuteni la kwenu, labda ni lingine.

Niseme neno juu ya kichaa, sababu wadogo wananiuliza. Kwa Kifaransa kile kipande kinaitwa "fou", maana yake kichaa, na sisi tumefuata hivyo. Waingereza wanakiita askofu. Lakini Waarabu, ambao waliupokea mchezo huu kutoka kwa Waajemi, na Waajemi kutoka India, walikiita "al-fil", ndiyo kusema tembo. Neno la Kifaransa lilitoka kwenye hilo la Kiarabu, likageuka njiani. Na katika Kiswahili cha pwani mchezo wenyewe unaitwa sataranji, ni neno lilelile la Waarabu. Basi hakuna kichaa wala askofu, ni tembo aliyepoteza jina.

Kwa kukata ile tabia ya kutoa vipande bure, mwalimu alinipa maswali matatu ya kujiuliza mbele ya kugusa kipande. La kwanza: huyu mwenzangu amesogeza vile kwa sababu gani, anataka nini? La pili: kama nitacheza hivi ninavyotaka, yeye anaweza kumshambulia mfalme wangu ao kula kipande gani? La tatu: kile kipande ninachokiondoa, kilikuwa kinalinda nini? Hapana kusema utajiuliza nyuma ya kusogeza. Mzee anayecheza kisolo anahesabu mbegu kwa macho mpaka mwisho mbele ya kuinua mkono, hata watoto wakimcheka kwamba anasinzia. Mimi nilianza kuketi juu ya mikono yangu. Cheka, lakini jaribu.

Na mjue bei ya vipande, kusudi msifanye biashara mbaya. Askari ni 1, farasi 3, kichaa 3, mnara 5, malkia 9. Mfalme hana bei. Kutoa mnara kwa kula farasi ni hasara ya 2, isipokuwa umeona faida ingine karibu.

Juu ya mwanzo wa mchezo sitakawia. Wengi wanataka kukariri mianzo kama wanavyokariri mistari ya historia, lakini mwenzako wa bweni hakukariri, atacheza kitu kingine hatua ya tatu na wewe utapotea. Kamata miraba ya katikati, yaani e4, d4, e5 na d5. Toa farasi na vichaa mapema. Fanya roki kusudi mfalme apate kujificha. Usimtoe malkia mbio. Hayo yanatosha kwa mwaka mzima.

Lakini sharti niwaonyeshe lile pigo ambalo wakubwa wanatumia kuwaonea wadogo. Wafaransa wanaliita pigo la mchungaji (mchungaji wa kondoo, wetu wa kanisa hana neno hapo). Mweupe anasogeza askari e2 kwenda e4, mweusi e7 kwenda e5. Mweupe anatoa kichaa f1 kwenda c4, mweusi anatoa farasi b8 kwenda c6. Sasa mweupe anarusha malkia d1 mpaka h5. Hapa mdogo anaona malkia, anasema nitamfukuza, na anatoa farasi g8 kwenda f6. Amekwisha! Malkia anakula askari wa f7, kichaa anamlinda kutoka kule c4, na mfalme hana njia. Mule f7 ndimo mlikuwa ugonjwa, kwa kuwa askari yule alikuwa analindwa na mfalme peke yake. Dawa yake ni ndogo: malkia akija h5, sogeza askari g7 kwenda g6. Akirudi f3 kusudi atazame f7 tena, ndipo unatoa farasi g8 kwenda f6, na mlango umefungwa. Yeye amepoteza nafasi mbili kwa kutembeza malkia, na wewe unaendelea kutoa vipande vyako. Wadogo, kateni kipande hiki cha gazeti mkiweke katika daftari.

Kuna wanaosema: eshe ni kwa wenye akili ya pekee, mimi sikuzaliwa nayo. Hao nawaomba wasikilize habari hii. Mholanzi mmoja, Adriaan de Groot, mwenye elimu ya nafsi na mchezaji yeye mwenyewe, alichunguza ginsi mabingwa wanavyofikiri, na kazi yake ilitoka katika mwaka 1946. Aliwaonyesha ubao wenye vipande kwa sekunde chache tu, kisha akaufunika. Mabingwa waliweza kuvirudisha karibu vyote pahali pake, wachezaji wa kawaida walishindwa. Utasema: unaona, wako na kichwa kingine! Ngoja. Katika mwaka 1973, kule Marekani, William Chase na Herbert Simon walirudia jambo hilo, lakini safari hii walionyesha pia vipande vilivyotupwa ovyoovyo, pasipo mpango wa mchezo wa kweli. Bingwa akakumbuka vichache tu, karibu sawa na mwanafunzi. Kumbe hakuwa na macho ya ajabu. Alikuwa amezoea maumbo. Ni sawa na wewe unaposoma neno "mwalimu": husomi herufi moja moja, unaliona mara moja, sababu umeliona mara elfu. Mwandike herufi zilezile kinyume, utasitasita.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuona maumbo mara nyingi. Umbo moja ni la farasi kuingia mraba wa c7, pale anapotazama mfalme kwenye e8 na mnara kwenye a8 mara moja. Mfalme sharti akimbie, mnara unaliwa. Wafaransa wanaliita furshete, uma wa kulia chakula. Mkiisha kuliona mara kumi, mtalinusa hatua tatu mbele.

Umbo lingine ni lile lililoniangusha mimi, na hapa naomba mchukue ubao na vipande vitatu, msisome tu kwa macho.

Wekeni mfalme mweupe kwenye d5, askari wake e5, mfalme mweusi e7. Mweupe anasukuma askari mpaka e6. Mweusi ana njia nne: e8, d8, f8 na f6. Tatu kati ya hizo zinaua. Moja inaokoa, nayo ni e8, kurudi nyuma moja kwa moja mbele ya askari. Mimi nilikwenda d8. Yeye akaingia d6. Nikarudi e8, yeye akasukuma askari e7. Mfalme wangu hana pahali pengine ila f7, na yeye akapanda d7. Hakuna tena wa kumzuia askari. Ile ndiyo hatua nne.

Sasa rudisheni, mcheze e8. Mweupe akiingia d6, ninyi mnaingia d8, uso kwa uso naye. Akisukuma askari e7 anamtisha mfalme, mnarudi e8. Sasa yeye yuko katika taabu: akiondoka karibu na askari, askari analiwa; akija e6 kumlinda, mfalme mweusi hana hatua hata moja, wala hatishwi. Hiyo ni pati, na mchezo umeisha pasipo mshindi.

Siri yake ni nini? Wafalme wawili wakisimama uso kwa uso na mraba mmoja tu kati yao, yule ambaye ni zamu yake ndiye mwenye hasara, kwa kuwa sharti apishe. Ni kama watu wawili wanaokutana kwenye mti mmoja uliolazwa juu ya mto. Nilipokwenda d8 mbio, nilimpa yeye nafasi ya kuja d6 wakati zamu ilikuwa inarudi kwangu. Sentimeta mbili za ubao, na nusu saa ya mchezo mzuri ikapotea.

Na kama ni wewe mwenye askari, usifanye haraka ya kumsukuma. Mfalme atangulie. Wekeni mfalme mweupe e6, askari nyuma yake e5, mweusi e8. Hapo mweupe anashinda, hata zamu iwe ya nani. Kama ni zamu ya mweupe: mfalme d6, mweusi d8, askari e6, mweusi e8, askari e7, mweusi f7, mfalme d7. Kama ni zamu ya mweusi ni vyepesi zaidi: akienda d8, mweupe anaingia f7 na njia yote ya askari imelindwa. Angalisho moja: askari wa pembeni kabisa, wa mstari wa a ao wa h, hafuati sheria hii. Mfalme mweusi akiwahi kuingia pembeni mbele yake, hatoki tena.

José Raúl Capablanca wa Kuba, ambaye alikuwa bingwa wa ulimwengu kutoka 1921 mpaka 1927, alifundisha kwamba mtu aanze kujifunza kwa mwisho wa mchezo, vipande vikiwa vichache. Sisi tunafanya kinyume, tunapenda mwanzo sababu kila mtu anafika kule. Mimi na rafiki yangu wa kitanda cha juu tulicheza ile hali ya vipande vitatu jioni tano, tukibadilisha pande, mpaka mkono unakwenda wenyewe.

Wengine watasema mfano wa Kuba ni wa mbali. Basi tazameni jirani zetu. Kule Kampala, Uganda, katika mtaa wa maskini wa Katwe, Robert Katende alianza katika mwaka 2004 kuwafundisha watoto mchezo huu, na aliwapa uji. Phiona Mutesi alifika pale mwaka 2005, na mmoja wa wale waliomwonyesha kwanza ginsi vipande vinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Hakukataa kufundishwa na mdogo. Katika 2010 alichezea nchi yake kwenye Olimpiadi ya eshe huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na nyuma ya Olimpiadi ya 2012 kule Istanbul alipewa cheo. Na Zambia, kusini yetu, Amon Simutowe alipewa cheo cha juu kabisa cha mchezo huu katika 2009. Niliposoma habari ya Phiona nilifikiri sana juu ya yule aliyeokota vipande katika matope.

Maneno mawili ya kapita, msikasirike. Katika likizo wengi wanacheza kwa telefoni, michezo ya dakika tatu, ishirini kwa siku moja. Ni furaha, lakini haina nafasi ya maswali matatu, inakuzoeza kosa lako. Telefoni inaweza kukuonyesha hatua nzuri, kweli. Lakini kwanza tafuta wewe, andika jibu lako, kisha uliza mashine. Ya pili: wale wa bweni la pili wanaoweka sabuni na sukari juu ya mchezo, nimewajua. Mtu akiogopa kupoteza sabuni anakataa kucheza na anayemshinda, na hivyo hajifunzi kitu. Tena wadogo wanabaki pasipo sabuni. Mkiacha wiki hii, sitaandika jina la mtu.

Ubao utakuwa kwenye baraza la maktaba kila Jumatano na Jumamosi, nyuma ya kazi ya mikono mpaka kengele ya chakula. Leteni daftari na kalamu. Jumamosi ijayo nitacheza tena na yule dada wa mwaka wa pili, ameshakubali, na mimi nitakuwa na weusi tena. Farasi mpya nimemchonga kwa mti wa mwembe na kumpaka makaa. Sikio moja limevunjika, lakini anasimama.

Kapita wenu, mwaka wa sita